Ringi ya Skrubu Tatu

Kifaa chenyewe ni kidogo. Ukikifumbata kwenye ngumi, mtu hatajua umeshika nini. Ni ringi ya bati, ina matundu matatu ubavuni, na kila tundu lina skrubu yake fupi yenye kichwa cha kuzungushwa kwa vidole. Ringi inajifunga kwenye holda ya balbu. Kioo cha taa nacho kina shingo, na ile shingo ina mdomo uliopinduka kwa nje. Unaiingiza shingo ndani ya ringi, unakaza skrubu moja baada ya nyingine mpaka zishike chini ya ule mdomo, kisha unaondoa mkono wako. Kioo kinabaki kinaning'inia. Hakuna waya na hakuna gundi. Kuna skrubu tatu na roho ya mtu aliyezikaza.

Mimi nilizoea taa ya chemni. Ile ina mkono wa waya pembeni: ukiubonyeza kioo kinainuka, ukiuachilia kinakaa. Mtu akiichezea unaona. Hii ya stima imejificha huko juu, na macho yangu siku hizi hayafiki juu.

Majina ya watu wa habari hii ninayo yote, na ya baba zao, na ya mashangazi waliowabeba. Sisahau jina. Lakini sitayaandika, kwa sababu hao watu bado wanakuja kwangu, na mmoja wao ananiletea sukari. Nitasema kijana wangu, mke wake, na fundi. Wanatosha.

Nyumba yangu iko upande wa Matayos, imekaribia barabara mpaka trela ikipita vikombe vinaongea kabatini. Zamani zilikuwa chache. Sasa zikielekea mpakani Busia zinafuatana kama ng'ombe wanaokwenda kunywa maji, na siku forodha ikichelewa zinasimama foleni hata madereva wanaomba maji kwangu. Mzee wangu aliijenga nyumba hii, na amelala hapo nyuma karibu na migomba. Mimi sina shida na kelele. Mwenye shida nayo ni kijana wangu, tena shida yake si kelele. Shida yake ni kwamba ameona ardhi ya barabarani ina bei.

Anakaa Malaba, anafanya kazi ya kuwapitishia watu mizigo forodhani. Siku moja alikuja na maneno matamu, akakaa kwenye kiti cha baba yake, jambo ambalo huwa halifanyi.

"Mama, kuna mtu anatafuta mahali pa kulaza trela. Hanunui. Anakodi tu."

"Na mimi atanilaza wapi?"

"Wewe utakuja Malaba. Chumba kiko, nimeshapaka rangi."

"Kinatazama wapi?"

"Kinatazama geti."

"Aa. Kumbe umenitafutia kazi ya uaskari."

Alicheka. Kisha akaacha kucheka, akaniambia neno ambalo sikulisahau. "Mama, ulipoanguka kule chooni nilivumilia. Nyoka akaingia jikoni, nikavumilia. Sasa kitu kingine kikiharibika katika nyumba hii, hata kama ni komeo la mlango, nakuja na pikapu. Sitaki kuambiwa na watu wa kanisa kwamba nimemwacha mama afie kwa gofu."

Niliitikia tu. Lakini mtu akishakwambia anangoja kitu kiharibike, unaanza kuitazama mikono ya wanaokutembelea. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu, kuzeeka na kufa katika nyumba hii, nizikwe karibu na mzee bila kusafirishwa. Na sasa nyumba yenyewe ilikuwa imewekewa mtego. Mlango ukilia, najiuliza nani ameutoa mafuta. Bati likipigapiga, najiuliza nani amepanda juu.

Haukupita muda, mke wake akaja na boksi kutoka Malaba. Ndani, katikati ya magazeti, kilikuwa kioo cha taa, kipana kama kibuyu kilichokatwa, kimechorwa maua ya zambarau. Kizuri, siwezi kusema uongo. Kizito pia.

"Zawadi yako, mama. Ya chumbani."

"Kwa nini chumbani? Wageni wanakaa sebuleni."

"Sebuleni taa iko. Chumbani una balbu tupu, inakuumiza macho ukisoma Biblia."

Nilikipima kwa mikono miwili. Nikaangalia juu holda inaponing'inia. Chini yake kuna nini? Mto ninaolalia. Mtu amesema anangoja kitu kiharibike, na siku chache baadaye mke wake analeta kioo kizito anataka kukitundika juu ya kichwa changu. Ungekuwa wewe ungefikiri nini?

Kijana wangu alikuwa amemtuma fundi. Huyu fundi ni mtu wa stima mzuri, lakini amemwoa binti wa shemeji yangu. Kwa hivyo ni mkwe wangu, na kwetu mkwe haangalii kitanda cha mama mkwe. Hata mkono hanipi. Akinikuta njiani anaingia shambani kwa watu mpaka nipite. Kijana wangu mwenyewe, tangu aoe, hajavuka mlango wa chumba changu. Sasa taa ni ya chumbani, na fundi ni mkwe. Ungesema wamtafute fundi mwingine, lakini hilo nalo lingekuwa tusi. Mkwe ana bisibisi mkononi, unamwitaje mtu wa nje?

Basi ilifanyika hivi. Fundi alisimama nje ya dirisha la chumba, mgongo kwenye ukuta, uso kwenye migomba. Mke wa kijana wangu akapanda meza. Mimi nikasimama mlangoni. Fundi akawa anafundisha kwa sauti kama mwalimu wa kwaya.

"Shemeji, ringi imeshika holda?"

"Imeshika."

"Ingiza shingo ya kioo. Shikilia kwa chini na mkono wa kushoto, usiachilie."

"Nimeshika. Kizito!"

"Vumilia. Skrubu ya kwanza. Ikigusa kioo, simama. Ukikaza sana, taa ikipata joto kioo kinapasuka."

"Tayari."

"Ya pili."

"Tayari."

"Ya tatu."

Niliona mkono wa mke wa kijana wangu ukienda juu, ukarudi. Akatazama chini. Akatazama juu tena.

"Shemeji? Ya tatu?"

"Ngoja kidogo."

"Inakataa?"

"Haikatai."

Nikasema, "Si uingie tu, fundi, umalize mwenyewe."

"Mama, unataka nilipe faini ya mbuzi?" akajibu huko nje, na migomba ikasikia.

Tukacheka, mimi na yeye. Mke wa kijana wangu hakucheka. Asubuhi ilikuwa na baridi, lakini nilimwona jasho juu ya mdomo.

"Tayari," akasema.

"Kitikise polepole. Kinacheza?"

"Hakichezi."

Tukala chakula, fundi sebuleni, sisi jikoni, wakaenda. Taa ikawaka kwa rangi ya manjano iliyopoa, na maua yakajichora ukutani. Mimi nikahamisha mto, nikalala kichwa kikiwa upande wa miguu. Mguu ukivunjika unafungwa. Kichwa je?

Baada ya hapo mke wa kijana wangu akaanza kuja mara kwa mara. Zamani alikuwa anakuja sikukuu, na akija hatoki jikoni. Sasa anafika, anaweka kikapu, anaingia chumbani kwangu, anarudisha mlango.

"Unafanya nini huko?"

"Napanga shuka, mama."

Shuka gani inayopangwa kwa kuburuta meza? Siku moja nilisukuma mlango bila kubisha. Nikamkuta amepiga magoti, kichwa chini ya kitanda, simu yake ikimmulika.

"Umepoteza nini?"

"Pini ya nywele."

Alikuwa amesuka. Nywele zake zilikuwa za uzi, hazina pini hata moja. Alipoondoka nilitoa kila kitu chini ya kitanda: masanduku, viatu vya mzee, gunia la njugu. Maana mwanamke hapigi magoti chini ya kitanda cha mama mkwe bila sababu. Ama anachukua, ama anaweka. Nilifagia mpaka pembeni, nikanusa, nikapapasa kwa mkono nikitafuta mzizi, kitambaa kilichofungwa, chochote. Hakukuwa na kitu. Ile ndiyo ilinitia wasiwasi zaidi. Ukipata kitu unajua umefanyiwa nini.

Kioo kilianguka mchana. Nilikuwa uani naanika mahindi. Trela mbili zilipita zikifukuzana, ardhi ikatetemeka, na ndani ya nyumba nikasikia mlio kama mtu amemwaga beseni la sahani. Niliingia nikakuta kitanda kimejaa maua ya zambarau yaliyovunjika. Kipande kirefu kilikuwa kimejichoma kwenye godoro, palepale mto ulipokuwa unakaa zamani.

Nilikaa kwenye sanduku. Sikulia. Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya tabia yangu ya kutoamini watu.

Halafu nikapanda meza, mzee mzima mimi, nikashikilia ukuta. Ringi ilikuwa bado kwenye holda, na balbu haijaguswa. Skrubu mbili zilikuwa mahali pake, zimekazwa kabisa. Tundu la tatu lilikuwa wazi.

Nikajiambia, kama imelegea ikatoka yenyewe, itakuwa imeanguka hapa hapa. Nilikunja shuka kwa ncha nne, nikaitoa nje, nikamwaga vyote kwenye ungo. Nikapeta kama mtu anayepeta mchele, vipande vikubwa pembeni, vidogo pembeni, vumbi likaenda na upepo. Nikaokota kipande kimoja kimoja. Skrubu haikuwepo. Nikafagia chumba, nikapeta takataka. Haikuwepo. Chumba changu kina mlango mmoja, na wanaoingia ni wawili tu. Mimi na yeye.

Kwa hivyo ilichukuliwa.

Niliweka vipande ndani ya mtungi wa zamani, nikaufunika kwa sufuria. Fundi haingii chumbani. Kijana wangu haingii. Mila yenyewe ilikuwa imenifunikia siri. Aliyebaki ni yule mmoja anayeingia, na alikuwa ameshatuma habari kwamba Jumamosi wanakuja wote wawili, pamoja na yule mtu wa trela, apime kiwanja kwa macho yake.

Nikang'oa skrubu moja kati ya zile mbili, nikaifunga kwenye pindo la leso, nikaenda Busia mjini. Nilitaka kioo kama kile, nikifunge mimi mwenyewe kabla ya Jumamosi. Kule karibu na mpaka kuna duka la vitu vya stima, muuzaji wake ni mtu wa ng'ambo ya mpaka. Akaniita jajja, ndiyo nyanya kwa lugha yao.

"Jajja, karibu. Nikusaidie nini?"

Nikafungua pindo.

"Hii ni ya ringi ya kioo. Nyingine mbili ziko wapi?"

Nikamwuliza kuhusu kioo cha maua ya zambarau. Hakuwa nacho. Alikuwa na vyeupe, na vyenye mistari, na kimoja cha kijani ambacho hata kipofu angejua si kile. Akanitolea ringi mpya anionyeshe, akapachika kioo, akakaza zote tatu, akakiinua akakitikisa juu ya meza mpaka nikafumba macho.

"Unaona? Hakiendi mahali."

"Na zikiwa mbili?"

"Mbili zitashika kwa muda. Lakini kukiwa na mtikisiko, kioo kinajitafutia upande usio na mtu wa kukizuia. Siku moja kinapita hapo."

Nikasogea karibu. "Sasa mtu akitaka kioo kimwangukie mwenzake, angefanya nini?"

Akaniangalia. Akaangalia nyuma yangu kama nimekuja na polisi.

"Jajja, unaniuliza nini?"

"Nauliza tu."

"Angetoa moja," akasema, na sauti yake imeshuka. "Lakini jajja, mimi nauza tu. Usiseme nimekufundisha."

Nikarudi nyumbani bila kioo, lakini moyoni nimeshamfunga mtu. Usiku nilipanga maneno. Ningemwambia nini mbele ya mume wake? Nikisema, kioo kitaonekana kimevunjika, na pikapu itakuja. Nisiposema, atatoa skrubu ya kitu kingine. Alikuwa ameniweka pahali ambapo kila mlango unaelekea Malaba.

Jumamosi walifika. Mbingu ilikuwa imefunga, mvua inakaribia, ndani ya nyumba giza kama jioni. Mtu wa trela alikuwa mnene, mpole, amevaa viatu vya mpira. Kijana wangu akamshika bega wakaenda upande wa barabara, wakaanza kuvuta kamba kutoka ua mpaka migomba. Niliwaona kwa dirisha. Kamba ilipita hatua chache tu kutoka kwa kaburi la mzee.

Mke wake akaweka kikapu, akanisalimu, akaelekea chumbani. Nikamtangulia, nikasimama mlangoni.

"Shuka nimepanga mwenyewe leo."

"Basi nipanguse vumbi, mama."

"Vumbi nimepangusa."

"Mama, nipishe kidogo tu."

"Nikupishe uende kutafuta pini?"

Akasimama. Akaangalia dirishani mume wake alipo, kisha akaniuliza polepole, "Mama, kioo kiko salama?"

"Kwa nini kisiwe salama?"

"Nauliza tu."

"Hata mimi nilikwenda Busia kuuliza tu. Nikajibiwa."

Nikafungua pazia lililofunika mlango uliokuwa wazi, nikamvuta ndani kwa mkono. Alipoona balbu tupu akaweka mikono yote miwili kichwani, vile tunavyofanya msibani. Nikaishusha haraka.

"Toa mikono kichwani, hujafiwa. Unataka akuone kwa dirisha?"

"Mama, kilikuangukia?"

"Kingeniangukia ningekuwa nasimama hapa? Skrubu ya tatu iko wapi?"

"Sijui, mama."

"Uliipeleka wapi?"

"Haikuwekwa!" Alinong'ona kama mtu anayelia. "Siku ile ile iliniponyoka. Kioo nimekishika mkono mmoja, kizito, skrubu ikaruka kidoleni, ikagonga sakafu, sikuona ilikokwenda. Fundi anasema ya tatu, ya tatu. Wewe uko mlangoni unanitazama kama mwizi wa kuku. Fundi haoni, na hawezi kuingia. Nikasema tayari. Nikasema nitaipata nikija tena. Hizo siku zote nimekuwa naitafuta. Kila nikija napanda meza nakaza zile mbili."

"Na huwezi kununua nyingine Malaba?"

"Pale wanauza taa nzima, hawauzi skrubu. Na ningeileta ungeuliza ya nini."

"Ningeuliza."

"Ungesema nilitaka kukuua."

"Ningesema."

"Ndiyo maana nilinyamaza."

Hapo nikasikia viatu vya kijana wangu sebuleni. Vikasimama mbele ya pazia. Niliona ncha zake chini ya kitambaa, zina udongo wa mahali anapopima.

"Mama? Mbona mnanong'ona?"

"Mambo ya wanawake," nikasema.

"Kuna kitu kimeharibika?"

Mke wake akanishika mkono.

"Hakuna," nikasema.

"Na ile taa? Iko sawa? Hebu iwashe."

Kuta zangu za ndani haziendi mpaka juu. Mzee alisema hewa ipite. Ukiwasha taa chumbani, aliye sebuleni anaona mwanga kwenye mabati. Nikamwangalia mke wake, naye akaniangalia. Akanyoosha mkono akabonyeza swichi.

Mwanga ukaruka juu, mweupe, mkali. Nilijua huko nje ya pazia kijana wangu ameinua uso.

"Mbona inang'aa hivyo? Si ilikuwa ya manjano?"

Mke wake akasema, tena kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayechagua nyanya sokoni, "Nimekipangusa kioo. Kilikuwa na moshi wa jiko."

"Aa. Sawa. Kazi nzuri."

Viatu vikaondoka. Mimi badala ya kupumua nikamtazama yule mwanamke upya. Anayeweza kumdanganya mume wake hivi, bila kupepesa, mbele yangu, mimi amenidanganya mara ngapi?

Kwa dirisha tulimsikia akizungumza na mtu wa viatu vya mpira.

"Boss, tutaongea baadaye. Nyumba haina tatizo. Siwezi kumtoa mama kwa nyumba isiyo na tatizo, watu watanisema."

"Lakini mzee, ulisema ni gofu."

"Nilidhani."

Wakaanza kukunja kamba. Nikakaa kitandani, yeye akakaa kwenye sanduku, tukasikiliza mpaka ikaisha kukunjwa. Sijawahi kusikiliza kamba kwa makini namna ile.

"Sasa niambie," nikamwambia. "Ungeweza kusema kweli. Ungesema kioo kimeanguka, na leo hii mngenipakia kwenye pikapu. Kwa nini umenifunikia?"

Akachezea pindo la nguo yake.

"Nikisema utakasirika."

"Nimeshakasirika tangu uje na boksi."

"Mama, Malaba jiko ni moja. Choo ni kimoja. Wewe kabla ya jogoo umeshashika ufagio, na ufagio wako unasema maneno. Nilikaa hapa mwaka wa kwanza wa ndoa, sijasahau. Nitakutunza mpaka mwisho, naapa. Lakini ukiwa kwako."

Jibu lile lilinipendeza na lilinichoma. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu anayetaka kunitoa duniani, kumbe nina mtu anayetaka nisitoke Matayos. Lakini nikaligeuza tena, maana ndivyo nilivyo. Huenda amelitunga papo hapo, kama lile la moshi wa jiko. Huenda skrubu iko mfukoni mwake hata sasa. Nilimwambia atoe vitu vya mfukoni. Akatoa bila kukasirika: simu, leso, punje za njugu.

"Umetosheka?"

"Bado kikapu."

Akamwaga kikapu kitandani. Mkate, sukari, sabuni. Akaanza kucheka, na kicheko chake kikanivuta na mimi, tukacheka tumeziba midomo kwa sababu kijana wangu alikuwa hapo nje akiwasha gari.

Mtu wa trela alipata kiwanja upande wa Bumala, kwa familia nyingine, na nikasikia kwamba mama wa huko amehamia kwa binti yake. Kijana wangu hajaniambia tena habari ya chumba kinachotazama geti. Skrubu haikuonekana. Nimeinua kila jiwe la sakafu linaloinuka. Nyumba imeimeza, au mtu anayo.

Juzi mke wake amekuja na chupa mpya ya chai, ile ya kushika moto, nyekundu, imefungwa kwa karatasi ya dukani. Ameshaitia chai huko kwake, akasema nionje kama bado ni moto. Nilichukua vikombe viwili. Nikammiminia yeye kwanza, nikakisukuma kikombe upande wake wa meza, nikakunja mikono.

"Mama," akasema, "bado tu?"

"Bado."

Akanywa mpaka katikati, akanionyesha ulimi kama mtoto aliyemaliza dawa. Ndipo nikamimina yangu. Ilikuwa moto, na ina tangawizi nyingi. Tulikunywa mlango ukiwa wazi, trela zikipita, na kila ilipopita moja yeye aliinua macho kwenye taa iliyo juu ya kichwa changu, akaangalia, akayashusha.